Maji ya Mgeni

Mwaka wa 1990, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndipo shida ilipotushika shingo, na mpaka leo nikisikia mfereji ukikohoa nakumbuka yote. Mnaijua ile sauti. Unafungua mfereji asubuhi, na badala ya maji unatoa upepo. Unakohoa, unatema, unanyamaza kama mlevi anayetafuta maneno, halafu unatapika kitu cha rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili. Ndani yake mna kutu, mna tope, mna harufu ya dizeli, na mara nyingine kakonokono kadogo kasikojua kalifikaje pale. Hicho ndicho serikali ilichokiita maji ya mji.

Mji wenyewe sitautaja jina. Uko kando ya ziwa, ukitoka Homa Bay kuelekea Karungu, na wenye mji wako hai na wana hasira za karibu. Nitasema tu kwamba ukisimama sokoni pale unaliona ziwa lote, maji mpaka macho yachoke, na wakati huohuo mwanamke aliye kando yako anapigania nafasi kwenye mfereji mkavu. Mtu wa mbali akiona hivyo anadhani ni laana. Haikuwa laana. Ilikuwa ni ofisi.

Baba yangu alikuwa akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwa cha Remba na kuileta nchi kavu. Siku moja alikwenda akaona afadhali abaki hukohuko. Hakuzama wala hakuugua, kwa hiyo msimwonee huruma. Alipata mwanamke mwenye nyumba ya mabati mapya, basi. Mama alipoletewa habari alikuwa anafua. Alimaliza ile nguo aliyokuwa ameishika, akaikamua, akaianika, akasema, "Haya. Sasa tutakula nini?" Hayo ndiyo matanga aliyomfanyia.

Mimi nilitolewa shule darasa la nne. Sijarudi tena, na sijaona nilichokosa isipokuwa hesabu za sehemu, ambazo mpaka leo sijakutana nazo sokoni. Mama alifungua hoteli. Huku kwetu hoteli si mahali pa kulala, ni mahali pa kula: mabati manne, mabenchi mawili, meza iliyoyumba, na nyuma jiko la kuni lililotoa moshi mkali hata inzi walikuwa wanakuja wakijifikiria. Tuliuza chai na mandazi asubuhi, na mchana ugali na samaki aina ya ngege wa mchuzi. Nikinusa nyanya zikiiva na kitunguu mpaka leo naona mkono wa mama ukikoroga, nasikia sauti yake ikinifokea nilete kuni. Watu walimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa sababu ndiko alikozaliwa. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwa na maneno ya kuremba.

Sasa niwaeleze maji ya mji yalivyoendeshwa, maana nimekaa katika biashara ya maji miaka mingi na sijaona tena upuuzi wa kiwango kile, ingawa wengi wamejaribu. Ufukweni palikuwa na kijumba chenye injini ya dizeli. Ilivuta maji kutoka ziwani na kuyasukuma hadi kwenye tangi la saruji juu ya kilima. Kule juu ndiko yalikotakiwa kutiwa dawa, moja ya kutuliza tope na nyingine ya kuua wadudu, halafu yashuke kwa mabomba mpaka kwetu. Kwa maneno ni kazi nyepesi. Juu ya kazi hiyo aliwekwa ofisa mmoja tuliyemwita Bwana Maji. Alikuwa na ofisi, pikipiki ya serikali na kitambi. Chini yake palikuwa na mtu wa kufungua koki kwa spana, na mwingine wa kumwangalia akifungua. Nyumba za wakubwa kule juu zilipata maji kila siku. Sisi wa sokoni tulipata kwa zamu, na zamu hiyo ilijulikana na Mungu na yule mwenye spana peke yao.

Na ile dawa? Ilikuja kwa mapipa, na sote tuliona yakishushwa kutoka kwenye lori. Ukitaka kujua ilikokwenda ungoje Jumapili. Ule unga mweupe wa kuua wadudu unang'arisha nguo kuliko sabuni yoyote, na wanawake wa kufua waliununua kwa kijiko mlango wa nyuma wa stoo. Kwa hiyo mji wetu ulikuwa na wanakwaya wenye mashati meupe yanayoumiza macho, wakimwimbia Bwana huku matumbo yao yakinguruma. Shati la Bwana Maji lilikuwa jeupe kuliko yote.

Mama hakuwa na elimu ya maji. Alikuwa na adabu ya kwao tu. Kwao Karungu, maji ya mgeni ni kitu mbali na maji ya nyumbani. Mgeni hapewi maji yaliyochotwa tu yakawekwa. Yanaachwa yatulie, yanachujwa kwa kitambaa, yanachemshwa mpaka yapige kelele, kisha yanawekwa katika dapi, kile chungu cha udongo kinachokaa kona ya giza na kuyafanya yawe baridi na yenye harufu ya mvua ya kwanza. Mtoto haruhusiwi kuchovya kikombe humo. Mimi nilichovya mara moja, na kofi nililopigwa bado nalisikia sikio la kushoto. Na kwa mama, kila aliyeingia hotelini akakaa kwenye benchi alikuwa mgeni. Kwa hiyo wateja walikunywa maji ya dapi. Sisi wenyewe, mimi na mdogo wangu Odhiambo, na mama pia, tulikunywa ya pipa: maji ya mfereji, yakiwa yametulia kidogo, basi. Kuni hazikutosha kwa wageni na kwa wenyeji pia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja yule mtu kutoka Kisumu.

Alikuwa mpimaji wa maji. Kazi yake ilikuwa kuzunguka miji, kuchota maji ya mifereji katika vichupa vyake, na kuyapeleka Kisumu yaangaliwe kama yana wadudu. Alikuja na sanduku la vichupa vilivyofungwa vizuri kuliko watoto wachanga wa hospitali. Alikuwa mnene, anajipangusa jasho kwa kitambaa, na alipoteremka gari alilitazama jua kama mtu aliyetukanwa. Bwana Maji akamleta moja kwa moja kwetu.

"Mifereji iko wapi?" mpimaji aliuliza, akiwa tayari anakaa.

"Iko, mkubwa. Mmoja hospitali, mmoja shule, mmoja pale stendi. Lakini kwa jua hili? Kula kwanza."

Akala. Alikula ngege wawili akafyonza vichwa, akalegeza mshipi, na mtu akishalegeza mshipi hatembei tena kwenda popote. Bwana Maji akaniita kwa Kijaluo, kana kwamba mimi ni mwanawe.

"Nyathina, njoo mtoto wangu. Chukua hivi vichupa, mtilie mgeni maji. Vyote. Usiguse mdomo wa chupa."

Nikavibeba mpaka nyuma jikoni. Mama alikuwa ndani ya moshi.

"Wanasema nini hao?"

"Maji ya mgeni. Kwa hivi vichupa."

"Basi chota kwenye dapi, unangoja nini? Unataka abebe matope mpaka Kisumu aseme alipewa na Nyar Karungu?" Akavitazama vile vichupa, vingi jinsi vilivyokuwa. "Watu wa Kisumu wana kiu," akasema.

Alidhani ni maji ya kunywa njiani. Mimi pia nilidhani hivyo. Nikachota kwa kata, nikajaza kimoja kimoja, nikavirudisha mezani. Mpimaji akatoa kalamu akaanza kuandika juu yake.

"Hiki tukiiteje?"

"Hospitali," akasema Bwana Maji.

"Na hiki?"

"Andika shule."

"Hiki cha mwisho?"

"Stendi, mkubwa. Watu wa stendi nao ni wananchi."

Wakacheka. Halafu Bwana Maji akainua kichupa kimoja akakitazama mwangani. Kicheko kikamtoka usoni polepole. Maji yalikuwa meupe kama kioo, na yeye alikuwa anajua fika mfereji wake unatoa nini. Akageuza shingo akaangalia jikoni, akaangalia kile kichupa tena, akatabasamu. Akakiweka sandukuni pamoja na vingine. Msifikiri alikuwa mjinga. Mjinga hawezi kula muda mrefu vile.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Mpimaji akikaribia kuja, Bwana Maji alimtuma mtu: "Mwambie Nyar Karungu kesho kuna mgeni." Mama alisugua dapi kwa majivu na majani, akachemsha maji mapya, akajifunga kitambaa safi kichwani. Hatimaye dereva wa mpimaji akasema mbele yake, akiwa anamaliza mandazi, kwamba Kisumu yote inasifu maji ya mji huu, kwamba vichupa vyake havijawahi kukutwa na mdudu. Mama akaelewa vichupa ni vya nini. Nafikiri alielewa nusu, na ile nusu nyingine alikataa kuielewa, kwa sababu ilikuwa inamfurahisha. Mwanamke aliyeachwa na mume kwa ajili ya mabati mapya, halafu serikali inakuja kuchota kwake! Alimwambia jirani yake sokoni, Min Ouma, yaani Mama Ouma, aliyeuza omena kwenye gunia kando yetu.

"Maji yangu yanapimwa Kisumu. Yanapita."

"Yawa!" Min Ouma alisema. "Kesho watabeba na mandazi yako wayapime, tujue kama ni unga au ni mawe ya barabara."

"Mbona unayala?"

"Nina meno ya bure."

Walikuwa hivyo, kutwa wanatupiana maneno. Mtoto wa mwisho wa Min Ouma, msichana mdogo aliyekuwa ameanza tu kutembea, alishinda kwetu akishikilia sketi yangu, mdomo umejaa mandazi. Kiu ikimshika alikwenda kunywa kwenye ndoo ya mama yake. Ndoo ile ilijazwa mferejini.

Mwaka uliofuata masika yalikuja na hasira. Mvua ilifukua vyoo vya mtaa wa chini ikaviteremsha ziwani, pale pale ile injini ya dizeli ilipokuwa inavuta. Sisi wote tuliona. Maji yalitoka mferejini yakinuka, tukasema ah, ni mvua, tukaendelea kunywa. Watu walianza kuhara na kutapika. Kwanza mtaa wa chini, halafu kote. Walibebwa kwa mikokoteni kwenda hospitali wakiwa wamekauka midomo, macho yameingia ndani. Odhiambo naye akalala. Mama alimnywesha uji mwembamba na maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, hakulala usingizi, na mtoto akapona, ingawa alibaki miguu kama ya korongo. Mtoto wa Min Ouma hakupona.

D.O., mkuu wa tarafa, akaita baraza. Nilikwenda na mama. Wakubwa walikaa kwenye viti kivulini, sisi tulisimama juani. Bwana Maji akasimama, shati linameta.

"Ndugu wananchi, mimi sitaki maneno mengi. Maji yetu yamepimwa. Si mimi ninayesema, ni Kisumu inasema. Kila wakipima, safi. Hata mdudu mmoja, hakuna! Sasa ugonjwa unatoka wapi? Mimi ni mtu wa maji, si mtu wa chakula. Jiulizeni wenyewe mnakula wapi."

Na watu, wale waliokuwa wanachota tope kila asubuhi kwa mikono yao, wale walioona kinyesi kikielea, wakapiga makofi! Hilo sijawasamehe mpaka leo. Mtu akiambiwa na mwenye shati jeupe kwamba macho yake yanadanganya, anayaona macho ndiyo yenye makosa.

Mimi sikuweza kuvumilia. Nilipiga kelele kutoka pale nilipokuwa, "Vile vichupa nilivijaza mimi! Nilichota kwenye dapi ya mama!"

Kicheko kikapita katika umati kama upepo kwenye mtama. "Toto la hoteli linatetea hoteli!" mtu akasema. D.O. hakuinua hata macho. "Mnyamazisheni mtoto huyo." Halafu Min Ouma, aliyekuwa amekaa chini tangu mwanzo na khanga kichwani, akasema bila kumwangalia mama, "Mtoto wangu alikula mandazi kwake. Kila siku." Mama alinishika mkono tukaondoka.

Kesho yake Bwana Afya alikuja na askari. Bwana Afya ndiye ofisa aliyekagua usafi wa hoteli na mabucha ya nyama, na alikuwa amekula kwetu mara nyingi bila kukagua kitu ila sahani yake. Alimwaga chai. Alimwaga mchuzi. Alifika kwenye ile kona ya giza akamwambia askari, "Na hiyo takataka?" Askari akapiga dapi kwa rungu. Chungu kilichokaa hapo tangu siku ya kwanza kikapasuka bila hata kelele kubwa, na maji yakatembea sakafuni mpaka nje, safi kabisa, mbwa akaja akayalamba.

"Hayo ndiyo yale mliyosema hayana mdudu," mama alisema.

"Mama, usinifundishe kazi yangu."

Wakafunga mlango kwa waya na kufuli. Na sisi hatukuwa na shamba, wala mume, wala ng'ombe. Ile hoteli ndiyo iliyokuwa chakula chetu na kodi yetu ya chumba. Tulianza kula mara moja kwa siku, na mama akauza kitenge chake kizuri.

Kumbe habari za vifo zilikuwa zimefika mbali. Kisumu ikataka maji yapimwe upya, haraka. Yule mpimaji akarudi, na mnadhani safari hii alitembea mpaka mferejini? Kulikuwa na matope. Alibaki kwenye nyumba ya wageni wa serikali akipumzika, akampa Bwana Maji sanduku. Na Bwana Maji, ambaye dapi yake ilikuwa imevunjwa na mwenzake, akaja na pikipiki mpaka kwenye chumba chetu cha kupanga. Alilazimika kuinama kuingia. Nilifurahi kumwona akiinama.

"Nyar Karungu, dada yangu," alianza. Tangu lini? "Mambo ya baraza yalikuwa ya baraza. Chemsha yale maji yako kama kawaida, ujaze hivi vichupa. Kesho asubuhi kufuli inatoka. Nimeshaongea na Bwana Afya."

Mama alikuwa amekaa chini, kichwa cha Odhiambo kikiwa mapajani mwake. Hakuinuka.

"Huyo mgeni atakuja kula kwangu?"

"Atakulaje? Si umefungiwa."

"Sawa. Viache hapo."

"Nitapita jioni."

Pikipiki ilipoondoka nilikimbilia kuni. Nilikuwa nimeshaona kufuli ikitoka, nimeshasikia mafuta yakilia kwenye karai. Mama akaniambia rudisha kuni.

"Tutachemshaje bila kuni?"

"Hatuchemshi. Chota kwenye pipa hilo hapo mlangoni ujaze."

"Pipa? Mama, hayo ni ya mfereji. Hayo ndiyo tunayokunywa sisi!"

"Kuna mgeni hapa?" akauliza. "Mwangalie vizuri, kila kona. Unaona mgeni?"

Sikuona mgeni. Nilimwona Odhiambo na miguu yake ya korongo.

"Basi," akasema.

Nikajaza. Nililia nikijaza, nawaambia ukweli, kwa sababu nilikuwa na njaa na nilidhani mama amepandwa na kiburi. Maji ya juu ya pipa yalikuwa yametulia siku nzima, kwa macho yalikuwa meupe tu. Jioni Bwana Maji akaja, akainua kichupa mwangani, akapiga mluzi. "Dada, una mkono," akasema. Asubuhi kufuli ikatoka kama alivyoahidi. Tukafungua, tukapika, wateja wachache wakaja wakikaa ukingoni mwa benchi kama watu wanaotaka kukimbia. Min Ouma alikuwa na gunia lake pale pale kando yetu, na hakutupiana neno na mama tena.

Halafu majibu yakatoka. Lori lilikuja na watu wasiojulikana mjini, likiwa na kipaza sauti: msinywe maji ya mfereji. Walifunga mifereji yote kwa minyororo. Walipanda kilimani wakafungua tangi, wakakuta popo wamekufa ndani. Walifungua stoo ya dawa, na mapipa ya dawa hayakuwamo. Mawili walikuja kuyakuta kwa mama pima, mwuza pombe ya magendo, yamejaa busaa. Mji mzima ulicheka sana kwa hilo, ukasahau kujiuliza ulikuwa unakunywa nini.

Bwana Maji alikuja hotelini kwa miguu. Shati lilikuwa na jasho.

"Umeniua, Nyar Karungu."

"Sijakuua," mama alisema, na hakuacha kukanda unga. "Nimekupa maji yako mwenyewe."

Mnadhani alifukuzwa? Mnadhani alifungwa? Nyie bado watoto. Alihamishwa kwenda mji mkubwa zaidi, wenye tangi kubwa zaidi na dawa nyingi zaidi. Mpimaji hakuguswa, kwa sababu ofisini sanduku lake ndilo lililogundua ugonjwa. Akaja Bwana Maji mwingine, na baada ya miezi kadhaa shati lake nalo likaanza kuwa jeupe.

Na ule mji wa makofi, mnajua ulimlaumu nani? Mifereji ilifungwa, wakawa wanateremka ziwani na mitungi, na kila aliyepanda kile kilima na mzigo alipita mbele ya hoteli yetu akisema kwa sauti, "Huyu ndiye aliyetufungia maji." Wateja wakaisha. Bwana Afya akarudisha kufuli, safari hii kwa kosa la uchochezi. Mama akauza mabati na sufuria kubwa, akalipia nafasi kwenye lori la mahindi linalokwenda Migori, ambako dada yake alikuwa anauza vitenge.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa tunahangaika na benchi la pili, zito, na hakuna mwanamume aliyesimama kutusaidia. Min Ouma aliacha omena yake, akashika upande mmoja, mama akashika mwingine, wakalipandisha. Wakapangusa mikono. Min Ouma akamtazama mama kwa mara ya kwanza tangu lile baraza.

"Ungewapa hayo mapema," akasema.

Akarudi kwenye gunia lake. Mimi nilikaa juu ya mahindi nikiwa na furaha, maana niliamini Min Ouma ametusifu: kwamba maji yale ya pipa yalikuwa silaha nzuri, tulichelewa tu kuitumia. Nilizunguka na sifa hiyo Migori nzima, nikiwasimulia watoto wengine jinsi mama yangu alivyomwangusha Bwana Maji. Mama alikuwa akinisikia nikisimulia, anainuka anatoka nje.

Nilikuwa mtu mzima, nina kisima changu cha kwanza, siku maneno yale yaliponipiga. Walikuja watu wa kukagua maji, wenye vibandiko vifuani na majina marefu ya kiofisi, siku hizi wako wengi, kila mmoja anasimamia mwenzake. Kijana wao akakaa kivulini akanyoosha vichupa: "Mama, nijazie tu." Mkono wangu ulikuwa umeshavipokea. Ndipo nikasikia sauti ya Min Ouma kama yuko nyuma yangu. Hakuwa anasifu. Alikuwa anasema kwamba laiti mama angewapa maji ya pipa tangu siku ile ya kwanza, kabla hajaanza kufurahia kupita kwake Kisumu, mifereji ingefungwa kabla ya masika, na mtoto wake angeendelea kushikilia sketi yangu. Na mama alilijua hilo kabla Min Ouma hajalisema. Ndiyo maana hakuchemsha. Nilidhani ni kiburi, kumbe kiburi ndicho alichokuwa anakiacha siku ile.

Nikamrudishia yule kijana vichupa vyake. Nikamwambia inuka, mfereji ule pale, chota mwenyewe, na mimi nitasimama hapa nikikuangalia. Alinung'unika kuhusu viatu. Watu hawa hawabadiliki. Umpe cheti, umpe gari, umpe sanduku la vichupa, bado atatafuta kivuli na samaki wa mchuzi.

Bwana Maji alikufa miaka kadhaa iliyopita, mstaafu mwenye heshima. Watoto wake walinitumia ujumbe wa mchango wa matanga, kwa kuwa mimi ni mtu wa maji na baba yao alikuwa mtu wa maji. Sikujibu. Kwa Min Ouma hupita kila nikienda ziwani, na sijawahi kwenda mikono mitupu. Hatuzungumzii ya zamani. Bado anasema mandazi ya mama yalikuwa mawe.

Nilianza na mkokoteni wa mitungi, nikautoa huo nikapata punda, nikatoka kwa punda. Leo nina visima viwili vya mashine, kimoja Migori mjini na kimoja nje ya mji. Nina matangi ya kutosha. Nina lori moja la kubeba maji na lingine bovu nisilotaka kuliuza. Nina ploti Oyugis yenye maduka, nina ng'ombe Karungu, nina nyumba ya mawe. Nina watoto wanne na wajukuu wawili. Nina mama, meno yamekwisha lakini ulimi ni mzima. Mume sina. Cheti sina hata kimoja. Na maji ninayouza ndiyo ninayokunywa.